Maji ya Matanga Yako, Afande

Shemeji yangu Wandera,

Yametosha! Naanza na habari yenyewe, kwa sababu najua ungenikatiza salamu kama ulivyonikatiza siku zote: "Mwalimu, wacha hotuba, sema maji iko wapi." Maji yako pale pale, shemeji. Yako kwenye chemchemi yako, katikati ya kiangazi hiki kinachopasua midomo, na jana tumeanua matanga yako kwa maji hayo. Ugali wa wimbi ulisongwa kwa maji hayo. Kuku walichemshwa kwa maji hayo. Wageni walinawa mikono walipofika, wakanawa tena walipoondoka, na mzee mmoja wa ukoo wenu alinawa hata uso, kwa maringo tu, ili watu wamwone.

Nimekaa barazani kwa dada yangu Adikini, kwenye kiti chako cha kamba, na ninaandika mbio mpaka herufi zinapanda mlima. Si uzee. Ni furaha. Mengi nitakayoyaandika unayajua kuliko mimi, lakini Adikini ameniomba barua hii iwe ya kusomwa na wajukuu zako, na wewe unajua mimi nikishaambiwa kwamba kuna mtu hajaelewa jambo, basi siwezi kunyamaza. Kwa hiyo vumilia. Nitaeleza hatua kwa hatua.

Wajukuu watauliza kwanza: babu alikuwa nani? Alikuwa Meja katika wahandisi wa jeshi, mtu wa madaraja na mahandaki. Ulipostaafu, wenzako walinunua ng'ombe, wengine wakafungua baa. Wewe ulikwenda chuo kikuu kusomea uhandisi wa mazingira, mtu mwenye mvi, ukikaa dawati moja na vijana. Uliniambia kwamba siku ya kwanza ulipoingia darasani walisimama wote wakidhani wewe ndiye profesa, nawe ukawaambia, "Kaeni, kaeni, hata mimi nimechelewa."

Kisha yakaja mafuriko yale yaliyokula barabara ya kwenda ziwani. Mtangazaji wa televisheni alikuja kukuhoji kwa dakika chache, wewe ukachukua maikrofoni mkononi mwake ukashuka nayo mtaroni, ukaeleza maji yametoka wapi, yamezuiwa na nani, na kesho yatapita wapi. Kesho yake yakapita pale pale uliposema. Baada ya hapo kituo hakikukuachia tena. Kipindi chako wakakiita "Fuata Maji", na kila mara kilianza namna moja: unavua gambuti, vile viatu virefu vya mpira, unakunja suruali, unaingia majini kwa miguu mitupu na kusimama kimya. Mhariri alilalamika kwamba watazamaji watadhani televisheni imekwama. Ukamwambia, "Miguu yangu lazima ijue kwanza, ndiyo mdomo ufuate."

Nikiri kwamba Kiswahili chako kilinipa shida. Mimi nilifundisha jiografia miaka mingi upande wa Kenya, na huko mwalimu akikosea mbele ya darasa anazomewa. Wewe ulisema "maji hii" mbele ya nchi mbili. Mama Akinyi, yule anayekaanga samaki Busia ya upande wa Kenya, anayevuka mpaka kila asubuhi na beseni lake, aliniambia, "Mwalimu, huyu afande wenu ananyonga lugha, lakini haki ya Mungu anaeleweka kuliko mbunge wetu." Nikaacha kukusahihisha. Hapa kwetu Uganda wazee wengi walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki, na waliposikia neno la Kiswahili waliangalia mlango ulipo. Wewe ulikitumia kuzungumzia vyura na mafunjo. Hilo peke yake lilikuwa kazi kubwa.

Sasa nieleze kinamasi, maana bila hicho hakuna atakayeelewa kwa nini nimeruka jana kama mwanafunzi aliyefaulu mtihani.

Chini ya boma lako, ukielekea upande wa Lumino, kuna bonde la mafunjo. Kinamasi kile kinafanya kazi ya godoro. Mvua ikinyesha kinanyonya, kiangazi kikija kinakamuliwa polepole, na sehemu ya maji hayo hupita chini ya ardhi mpaka kwenye chemchemi iliyo ukingoni, chini ya mawe. Godoro likikauka, chemchemi nayo inakauka. Ni jambo rahisi, lakini halionekani kwa macho, na jambo lisiloonekana ni gumu kulitetea mbele ya mtu mwenye njaa.

Mwenye njaa, kwa haki, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Barasa, mtoto wa baba yako mdogo, rika lako na mtani wako wa tangu utoto. Yeye na majirani walichimba mtaro mrefu ulionyooka katikati ya bonde ili maji yaende zake nao wapande mpunga. Mpunga ulitoka, mzuri, na watoto wakalipiwa shule. Ila tangu mwaka ule, kila kiangazi chemchemi ilikauka, na wanawake wakawa wanapanga mstari kwenye kisima cha pampu karibu na barabara.

Na hapo ndipo jambo lilipogusa ukoo wenu mahali penye uchungu. Kwenu, chakula cha kuanua matanga lazima kipikwe kwa maji ya nyumbani kwa marehemu. Wazee wenu wanasema mtu anaagwa kwa maji aliyoyanywa. Nanyi huanua matanga wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa ghalani na watu wakiwa na nafasi, yaani wakati ule ule chemchemi imekufa. Miaka ile yote mliwaaga wazee wenu kwa maji yaliyoletwa na bodaboda kwenye jerikani za njano. Kila mtu aliona, hakuna aliyesema. Baba yako mwenyewe aliagwa hivyo. Nakumbuka uso wako siku ile. Ulikuwa bado jeshini, umevaa sare, umesimama kando ya zile jerikani kama askari aliyepewa lindo asiloliamini.

Uliporudi na elimu yako mpya ukasema mtaro utafungwa. Barasa akacheka mbele ya kamera: "Afande, vyura hawapigi kura, na mpunga unalipa karo." Ukamjibu, "Chura hapigi kura, lakini anajua kiangazi ataishi wapi. Wewe unajua?" Watu wakaanguka kwa kicheko. Barasa naye, kwa kuwa mtani hakubali kushindwa, akakupiga pale panapouma: "Basi ukifa, sisi tutapika matanga yako kwa maji ya bomba kutoka mjini. Na dawa yake ndani!" Ukamnyooshea kidole, ukicheka mpaka machozi: "Mtapika kwa maji yangu. Na wewe Barasa ndiye utakayechota."

Mzaha wa watani. Nani alijua?

Lazima nieleze pia ukuta wa kwanza, kwa sababu wajukuu wasije wakadhani babu yao alizaliwa anajua. Ulifunga mdomo wa mtaro kwa magunia ya mchanga. Uliyapanga kijeshi, gunia juu ya gunia, mshono ndani, ukuta mmoja mnene uliosimama wima, ungezuia hata kifaru. Tulipiga picha tukiwa mbele yake. Mvua kubwa ya kwanza ikaja, maji yakajaa nyuma ya ukuta, yakatafuta ubavu, yakala udongo wa kando, na ukuta wako ukatembea mzima mzima mpaka kwenye mahindi ya Barasa. Stella, msichana wa kamera, aliiteremsha kamera kwa huruma. Ukamwambia airudishe begani. Ukasimama kwenye tope, gunia moja limelala miguuni, ukasema maneno ambayo watu wa Busia zote mbili wanayarudia mpaka leo: "Leo nimeshindwa. Nilipigana na maji kama adui. Adui ukimzuia mbele, anaweza kurudi nyuma. Maji haijui kurudi nyuma."

Na kipindi kikarushwa! Mimi nilidhani umejimaliza. Kumbe watu walikuamini siku hiyo, maana hawakuwahi kumwona mkubwa wa jeshi akionyesha tope lake kwenye televisheni.

Mara ya pili hukujenga ukuta. Ulitembea mtaro wote, juu mpaka chini, wiki nzima bila kusema neno, mimi nikikufuata na mwavuli. Kisha ukaanza juu kabisa, pale maji yanapokuwa bado mepesi: vigingi, mafungu ya mafunjo, udongo wa mfinyanzi, kizuizi kifupi kisichofika hata gotini, kinachoacha maji kidogo yapite juu yake. Hatua chache chini yake kingine. Na kingine. Bonde likawa na ngazi. Maji yakachoka kukimbia, yakaanza kusambaa pembeni, na mafunjo yakashika mizizi juu ya vizuizi vyenyewe. Ulifurahi kama mtoto. Ulisema, "Mwalimu, mvua mbili tu. Nipe mvua mbili."

Ulipata moja. Ulianguka siku moja mchana, baada ya kurekodi, ukiwa unafunga kamba za gambuti, na hospitalini hawakuweza kukurudisha. Sitaandika mengi hapo. Adikini yuko jikoni na atataka kujua kwa nini mwandiko umebadilika.

Siku ya mazishi wenzako wa jeshini walikuja wamenyooka kama mistari ya rula. Sisi wakwe tulitoka kwetu Iyolwa na lori zima. Lakini aliyelia kuliko wote alikuwa Barasa. Alikuwa akipiga ardhi kwa kiganja, anasema, "Nilikuwa natania, Wandera. Nilikuwa natania." Wazee walikaa siku hiyo hiyo, maana wenye mashamba bondeni walikuwa wanauliza mtaro utakuwaje sasa mwenyewe hayupo. Wakakata shauri: mtaro ubaki umefungwa mpaka matanga. Chemchemi ikitoa maji ya kupikia, utabaki hivyo daima. Isipotoa, kila mtu afungue sehemu yake na apande mpunga wake, na jina lako lisitajwe tena katika ugomvi wa bonde.

Unaona mzigo tuliobaki nao? Kazi yako yote iliwekwa ndani ya sufuria za siku moja.

Mvua ya pili ilinyesha, ndogo kuliko tulivyoomba. Kisha kiangazi. Vumbi la malori yanayosubiri mpakani lilifika mpaka kwenye nguo za kanisani. Kisima cha pampu kikaanza kutoa sauti ya mtu mwenye pumu. Mimi nikawa nakuja kutoka Iyolwa kila nipatapo usafiri, nashuka kwenye chemchemi kabla hata ya kumsalimu dada yangu, na kila mara nilikuta watu wamenitangulia, wamechuchumaa, wanatazama. Hakuna aliyekuwa anachota. Wanatazama tu, kama watu waliokuja kumwona mgonjwa.

Ilikuwa inatoka. Nyembamba, lakini inatoka. Ilipokaribia siku yenyewe ikawa nyembamba kama kidole changu kidogo, na moyo wangu ukawa mwembamba vivyo hivyo. Kikao cha familia kikaitwa. Shemeji mmoja, simtaji kwa sababu alikuwa na nia njema, akapendekeza tulete jerikani chache za maji ya mjini mapema, tuzimimine kwenye mitungi, nani atajua? Adikini alikuwa anapepeta wimbi. Hakuinua kichwa. Akasema, "Wandera alionyesha tope lake kwa watu wote. Mimi nitawapikia watu wake uongo? Hiyo hapana. Kama maji hakuna, tutakula mahindi ya kuchoma, na mtaro wafungue." Kikao kikaisha hapo. Nilijivunia dada yangu, na nikaogopa pia, vyote kwa pamoja.

Basi jana.

Jua lilikuwa limeshapanda. Wanawake wakateremka na sufuria kubwa na jerikani tupu, nyuma yao ukoo wote, nyuma yao majirani wa mpunga, na Stella na kamera yake. Barasa alikuwa mbele. Hakuna aliyemtuma. Alivua viatu, akakunja suruali, akaingia kwenye kidimbwi cha chemchemi, na akachota sufuria ya kwanza yeye mwenyewe, mtu mzima mwenye wake na wajukuu, kazi ambayo kwenu mwanaume hafanyi mbele ya watu. Ulimwambia atachota, akachota.

Sufuria ya kwanza ikajaa. Ya pili ikajaa. Hapo watu wakapandwa na furaha, kila mmoja akaingiza chombo chake kwa fujo, na kidimbwi kikateremka, kikateremka, mpaka tukaona changarawe na maji yakawa tope. Nikasikia mtu wa mpunga nyuma yangu akivuta pumzi, na sikuweza kugeuka kumtazama.

Shemeji, hapo nilisimama juu ya jiwe nikafundisha. Sijui nguvu niliitoa wapi. Niliwaambia: godoro halikamuliwi kwa ngumi! Kinamasi kinatoa maji kwa mwendo wake, mkichota kwa haraka kuliko mwendo huo mtapata tope, na mkingoja mtapata maji. Nikaanza kueleza habari ya maji yanayopenya kwenye udongo, nikafika mbali kidogo, na Barasa akanikatiza kwa sauti iliyofika barabarani: "Mmesikia? Tokeni wote! Mwacheni Afande apumue!"

Wakatoka. Tukakaa kwenye nyasi. Mtu akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, wengine wakaupokea. Na changarawe ikapotea, shemeji. Kwanza ikalowa, kisha ikang'aa, kisha ikazama. Tope likatulia chini na juu yake maji yakawa meupe, yakapanda mpaka kwenye alama ya kijani kwenye jiwe, pale yalipokuwa kabla hatujachota. Wakachota kwa zamu, wakangoja, wakachota. Kila mara yalirudi. Kila mara! Mpaka sufuria ya mwisho ikapanda kilimani juu ya kichwa cha binti yako.

Mama Akinyi, aliyekuja na beseni zima la samaki kama rambirambi, hakuamini kirahisi. Akachovya kikombe, akanywa, akazungusha mdomoni kama mtu anayepima pombe. "Hii si ya bomba," akatangaza. "Haina dawa. Ina ladha ya mizizi." Basi watu wakapiga vigelegele, na mimi, mwalimu mstaafu, mwenye suti ya msiba na tai, nikaruka.

Baada ya chakula wazee walimwuliza Barasa, kwa kuwa sehemu yake ya mtaro ndiyo ndefu kuliko zote. Alisimama na mfupa wa kuku mkononi. Akasema, "Nilisema atapikiwa maji ya bomba. Amenipikia yeye. Mtaro ukae hivyo hivyo." Halafu akaongeza, kwa kuwa ni Barasa, "Lakini yule anayejua mimi nitalima nini, aje kesho asubuhi, asilete chura." Watu wakacheka. Mimi nilicheka kidogo tu, maana swali lake ni la kweli na wewe hukumaliza kulijibu. Amepanda magimbi ukingoni, yanaonekana mazuri, lakini hayajawa mpunga. Nitakaa naye. Hilo nalo ni sehemu ya kazi uliyoiacha.

Jambo moja bado. Stella alinipa maikrofoni jana, akasema kituo kinataka kipindi cha mwisho cha "Fuata Maji", na mtu wa kukiongoza ni mimi. Nilizungumza mpaka betri ikaisha. Lakini kabla hatujamaliza kula, walikuja watu wawili kutoka Buhehe. Wana bonde lao, wana mtaro wao ulionyooka, na chemchemi yao imekauka. Waliuliza Afande wa televisheni akifa, nani anakuja? Nikamtazama Stella, Stella akanitazama. Basi kipindi hakitakuwa cha mwisho.

Kwaheri, Wandera. Umeagwa kwa maji uliyoyanywa, na umemuaga baba yako pia, maana ukoo umekubaliana kwamba sufuria moja ya jana ilikuwa yake. Pumzika. Adikini ana maji, magimbi ya Barasa nitayatazama mimi, na huko Buhehe sitajenga ukuta wala sitafungua mdomo kabla ya kutembea bonde zima. Hii ni ahadi ya mtu anayependa sana kuzungumza, kwa hiyo ujue si ndogo.

Ijumaa nakwenda. Gambuti zako zimenikaa kubwa, lakini haidhuru, kwa kuwa nikifika kwenye maji nitazivua.

Shemeji yako,
Mwalimu Owor